Usije Kujifungulia Kwangu

Mwanangu Rehema,

Salamu nitaziruka kwa sababu hujaondoka bado. Uko sokoni Kongowea na shangazi yako Mwanaisha, mnachagua nazi za kupeleka Nanyuki kana kwamba huko watu hawali. Mumeo Hamadi ameshatangulia huko kazini kwake, mabegi yako yamejaa ukumbini, na mimi nimekaa chumbani kwangu na kalamu niliyoazima kwa mtoto wa jirani. Nimeswali alasiri nikaona niandike sasa, maana mkirudi nyumba itajaa maneno na mimi nitanyamaza tena kama nilivyonyamaza wiki nzima. Kesho asubuhi nitakupa barua hii mkononi. Isome ukishafika, ukishakula na kulala.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kuishi na mume. Sweta utaivaa mwenyewe baridi ikikupata, na mume ulimchagua mwenyewe, mtajuana. Nina jambo moja tu. Juzi, ulipokuwa ukinisuka, uliniambia, "Mama, mimba ikifika miezi saba nitarudi. Nitajifungulia hapa kwako, usimpe mtu chumba changu." Nikakujibu, "Inshallah." Ukaendelea kusuka, ukaanza habari nyingine. Ile inshallah haikutoka moyoni. Niliitoa ili tuyaache hayo mazungumzo, na Mungu anisamehe kulitumia jina lake kukunyamazisha. Jibu langu la kweli ni kwamba usije. Usije kujifungulia kwangu.

Najua utakavyolipokea neno hili. Kwetu sisi binti mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mamake. Mimi nilirudi kwa nyanya yako katika nyumba hii hii, nikamzaa dada yako Saumu katika chumba unachokiita chako. Mama ndiye amkandaye mwanawe kwa maji ya moto, amfungaye mkanda tumboni, ampikiaye uji wa pilipili manga na kumkataza kutoka nje mpaka arubaini iishe. Mama asiyempokea mwanawe husemwa, na mimi nitasemwa, tena na shangazi yako kabla ya watu wengine, kwa kuwa mdomo wake unaujua. Waache waseme. Nimefikiri sana na sijaona njia nyingine.

Sababu ni maji ya kisima chetu. Sehemu ya kisa hiki unaijua, na sehemu nyingine nilikuficha.

Kisima kile babu yako Athumani alikichimba kabla sijaolewa. Alipasua mwamba yeye na ndugu zake, wakakijengea kwa mawe, na maji yaliyotoka yalikuwa matamu hata watu walivuka mtaa na mtaa kuja kuyateka. Mwenye harusi alikuja kwetu, mwenye maiti alikuja kwetu. Babu alipofariki tukakubaliana, mimi na mjomba wako Bakari, kwamba kisima kiwe sadaka yake. Kila anayeteka, thawabu zimfikie mzee kaburini. Mtu akija na ndoo haulizwi yeye ni nani wala anatoka wapi. Bakari akahamia Changamwe na watoto wake, mimi nikabaki na baba yenu, Mungu amrehemu, tukawa ndio wenye kukitunza. Nilijivunia kazi ile. Wanawake wengine walikuwa na dhahabu, mimi nilikuwa na kisima.

Bahari hatuioni kutoka hapa Magogoni, na ndiyo maana hatukuiogopa. Shangazi yako kule Likoni, karibu na Shelly Beach, yeye aliiona. Kila akija alikuwa na habari mpya, mara ukuta wa jirani umeanguka, mara mnazi umeng'oka na mizizi yake, mara maji yamepita barabarani mwezi mpevu. Nilimhurumia. Nikamwambia, "Wifi, njoo ukae kwetu. Kwetu bahari haifiki." Nilisema hivyo nikimmiminia chai iliyopikwa kwa maji ya kisima, naye akainywa. Siku hizi najiuliza alionja nini siku ile, na kama ni adabu tu iliyomfunga mdomo.

Kwa maana kwetu ilikuja kwa chini. Kwanza sabuni ilikataa kutoa povu. Nikamwendea mwenye duka nikamwambia anatuuzia sabuni za udongo, akaapa wallahi ni zile zile za siku zote, nikatoka bila kumwamini. Kisha maharagwe yakawa hayaivi, mtu anapika tangu asubuhi na mchana bado anatafuna kokoto. Nikalaumu maharagwe. Maziwa yakawa yanakatika kwenye chai, nikagombana na muuza maziwa mpaka akaacha kupita kwetu. Mndimu wa uani ukapukutisha majani. Niliwagombeza watu wengi wasio na kosa kabla ya kukiangalia kisima, na hata nilipokiangalia nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba maji ya baba hayawezi kuharibika, yamepungua tu.

Basi nikamwita Kazungu, yule mchimba visima wa Kaloleni unayemjua, ambaye hukupa maembe. Nikamwambia ateremke chini zaidi, huko chini ndiko maji matamu yalikokimbilia. Kila mwenye kisima mtaani alikuwa akifanya hivyo. Kazungu akachungulia, akasema, "Mama Saumu, mimi n'tachimba, lakini sikuahidi kitu." Nikamwambia, "Wewe chimba, ahadi niachie mimi." Alipomaliza ikanyesha mvua, na kwa muda maji yakawa mazuri kweli, povu likarudi, nikawapelekea majirani bakuli za maharagwe laini. Bakari akafurahi akatuma pampu, sasa mtu hahangaiki na kamba. Watu wakaja wengi zaidi. Nikasema baba anapata thawabu maradufu.

Chumvi iliporudi haikurudi kwa siku moja. Laiti ingekuja siku moja tungeitema. Ilikuja kidogo kidogo, na sisi tuliokuwa tukinywa kila siku tulikwenda nayo. Wewe ulikuwa shule, kisha chuoni Voi, ukija likizo ulikuwa ukisema chai ya nyumbani ina ladha yake. Tulicheka, tukaona ni sifa.

Sasa nakuja kwa Saumu.

Unajua kwamba dada yako alikuja hapa kwa mimba yake ya kwanza, kwamba alipatwa na kifafa cha mimba, na kwamba mtoto hakuishi. Ulikuwa Voi, tukakupigia simu, tukakwambia ni kadari ya Mungu. Hilo ni kweli na silikanushi. Lakini kuna habari za jikoni ambazo hukuambiwa.

Alikuja ilipotimia miezi saba, kama desturi, kutoka kwa mumewe Msambweni. Uso ulikuwa umenawiri. Nilimpokea kwa furaha ambayo nikiikumbuka sasa naiona ni ya mtu mwingine. Nikamwambia, "Hapa kazi yako ni kula, kunywa na kulala." Lilikuwa ni lile joto la kabla ya masika, wakati hata kivuli kina moto, na mimi nikamnywesha. Maji akiamka, maji ya ndimu mchana, chai, uji, supu ya kichwa cha samaki. Kila akipita mbele yangu nilimwambia, "Kunywa, mtoto ataka maji." Naye alikuwa mtoto mtiifu, tofauti na wewe.

Miguu ikaanza kuvimba. Nikamwambia ni mimba, hata mimi ilinivimba viatu vikanikataa. Kichwa kikawa kinamuuma, nikamfunga leso. Tulipokwenda kliniki, muuguzi akampima akasema presha iko juu, akanigeukia mimi. "Mama, mpunguzie chumvi." Nilimwitikia vizuri. Nilifika nyumbani nikachukua kopo la chumvi nikampa jirani, lisionekane kabisa jikoni mwangu. Tangu siku ile nilimpikia Saumu bila kutia hata chembe. Wali, mchuzi wa nazi, samaki, vyote chapwa. Nilijisifu kwa shangazi yako kwamba mimi nikiambiwa jambo na daktari nalifuata.

Siku moja Saumu alikuwa anakula uani. Akasimamisha tonge, akasema, "Mama, hakika hukutia chumvi? Mbona naionja?"

Nikamwambia, "Hiyo ni mimba, imekugeuza ulimi. Kula."

Akala. Yeye alikuwa ametoka kwenye maji mengine, Rehema, ulimi wake ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyekuwa sionji. Nilimnyima chumvi ya kopo, kisha nikampikia wali, mchuzi, chai na uji kwa maji ya kisima, na akiona kiu kwa sababu ya chumvi ile nikampa maji mengine ya kisima hicho hicho.

Alianguka asubuhi akichambua mchicha. Sitakueleza alivyokuwa, kwa sababu una mimba na kwa sababu hata mimi nimebaki na vipande tu, ungo uliopinduka, mchicha ardhini, jirani akinivua pete zangu bila ya mimi kujua kwa nini. Hospitali walimwokoa yeye. Mtoto alikuwa wa kike. Tulimleta nyumbani nikamwosha kwa mikono yangu, kwa maji hayo hayo, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwapo.

Kabla ya kutoka hospitali, daktari aliniuliza, "Mama, nyumbani mnakunywa maji gani?" Nikamjibu kwa fahari, na Mungu ni shahidi wangu kwamba nilisimama wima nikijibu: "Ya kisima cha baba yangu, daktari. Matamu. Mtaa mzima wayanywa." Akaniangalia kidogo, akaandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakunieleza kitu, nami sikumuuliza.

Yaliyofuata unayakumbuka kwa sababu ulikuwa umemaliza chuo na umerudi. Walikuja wale watu wa mabadiliko ya tabianchi, wakatukusanya kwenye uwanja wa shule chini ya mahema. Tulipewa fulana na chupa ya maji kila mmoja. Binti mmoja mwenye kofia akatuchorea ubaoni, ardhi huku, bahari kule, na chini yetu maji matamu yamelala juu ya maji ya chumvi. Akasema dunia inapata joto, bahari inapanda, na ikipanda inayasukuma yale ya chumvi kutoka chini. Akasema na sisi tukichimba sana na kuvuta kwa pampu tunayaita yaje. Mzee mmoja akamuuliza, basi tufanye nini. Akajibu tupande mikoko na tuvune maji ya mvua. Mzee akamwambia, "Binti yangu, mvua yetu siku hizi ikija huondoka na pipa lenyewe." Watu wakacheka, tukapewa mandazi, tukarudi. Nilikuwa nimesikia kila neno na hakuna hata moja lililonigusa. Nilidhani anazungumza habari za visima vya watu wengine.

Nilifika nyumbani nikafungua ile chupa nikanywa. Nikakuita. Nikakwambia, "Rehema, hebu yaonje haya maji, yameharibika. Hayana ladha kabisa." Ukaonja. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Mama, maji hayana ladha. Hiyo unayoitafuta ni chumvi." Ulisema kwa mzaha, ukainuka ukaenda kumsimulia Mama Mwalimu wa nyumba ya pili, naye akacheka.

Mimi nilibaki nimesimama na chupa. Nikamwona Saumu na tonge lake. Nikangoja kulia, kwa sababu nilijua kwamba hapo ndipo mtu hulia. Kilio hakikuja. Nikaenda kuanua nguo.

Tangu siku ile niko hivyo. Watu wanafikiri nimetulia, wananisifu kwa subira, wananiletea wanawake wenye misiba ili niwaliwaze. Sina subira. Nimekufa ganzi tu. Uliposema una mimba nilikukumbatia kwa kuwa mikono inajua kazi yake, nikapiga kigelegele kwa kuwa mdomo unajua kazi yake, nikasikiliza ndani kama kuna kitu. Palikuwa kimya. Nakuandikia hili usije ukadhani kwamba sikupendi. Nakupenda. Ninalijua hilo kama ninavyojua jina langu, hata siku ambazo silihisi.

Hakuna aliyesema kwamba ni maji yaliyomdhuru dada yako. Presha ya mimba huwapata wanawake kila mahali, hata wanaokunywa maji ya milimani. Nimejiambia hivyo mara nyingi na huenda ndivyo ilivyo. Sitajua mpaka nife. Nimezoea kuishi na kutojua, lakini siwezi kukulaza wewe katika chumba kile nikiwa sijui.

Saumu hajanilaumu hata siku moja. Huja kila Idd na watoto wa mumewe, huniletea kitambaa, hunibusu mkono. Huja pia na chupa yake ya maji ndani ya mkoba. Huitoa, hunywa, huirudisha, na chai yangu huizungusha kikombeni mpaka ikapoa. Hajasema kitu nami sijasema kitu. Idd iliyopita tulikuwa wawili jikoni tukikuna nazi, nikaona hapa ndipo. Nikamwita, "Saumu." Akaitika, "Abee mama," akaweka kifuu chini akanitazama, na mimi nikamwambia aniletee chujio. Akaleta. Nadhani na yeye alijua kwamba sikuwa nataka chujio.

Sikuandikii ili kukufundisha, maana mwalimu mwenyewe unamwona. Ila nikijitazama naona kwamba kila kitu kilipoharibika nilifikiri dawa ni kuongeza bidii. Maji yamebadilika, nichimbe. Nimechimba, niweke pampu. Mtoto ana kiu, nimnyweshe. Na aliyeniambia kuna chumvi nilimwambia ulimi wake ndio mbovu. Kichwa changu kigumu umekirithi wewe kizima, Saumu hakupata hata kipande. Hamadi akikwambia mchuzi una chumvi, uonje tena kabla hujamjibu. Najua utajibu kwanza, lakini nimesema.

Utaniambia, "Basi tutanunua maji, Mama." Nanunua siku hizi. Mikokoteni hupita na mitungi, na bomba la mtaa hutoka siku linayotaka lenyewe. Lakini hao wenye mikokoteni nao wanateka wapi? Ukiwauliza wanasema bombani, na ukiwafuata unawakuta kwenye kisima cha mtu. Tena hilo si kubwa. Kubwa ni mimi mwenyewe. Ramadhani hii iliyopita nilipika uji wa kufuturu, nikakaa na Mama Mwalimu, tukafungua. Akaweka bakuli chini taratibu. "Bi Zuhura, leo umeteka kisimani." Nilikuwa nimeyanunua maji, mitungi iko pale imejaa, na mkono umekwenda kisimani wenyewe kwa mazoea ya maisha yote. Nilikuwa nimeshakunywa bakuli zima na sikuhisi lolote. Mtu wa namna hiyo huwezi kumkabidhi mwenye mimba.

Nilikwenda kwa maalim kumuuliza habari ya sadaka. Nilimwambia kisima ni cha marehemu baba, na maji sasa nayaogopa, nikikifunga je, nitakuwa nimemkatia thawabu zake? Bakari alishaniambia kwa simu kwamba nikithubutu nitakuwa nimemuua baba mara ya pili. Maalim hakuniletea maneno mengi. Aliniuliza, "Wewe wamnywesha mwanao maji hayo?" Nikasema la. Akasema, "Basi na mwana wa mwenzio usimnyweshe. Mzee ana malipo ya alichokusudia, hilo halifungwi kwa mawe." Kazungu atakuja kukifukia ukishaondoka, na kijana wake na mawe. Nilimwomba angoje kwa sababu sikutaka ulione likifanyika siku za mwisho za kukaa kwako hapa. Alikichimba mara ya pili kwa mikono yake na hakutaka kifukiwe na mtu mwingine. Aliniuliza tu kama nitahitaji kukaa karibu au nitaingia ndani. Nikamwambia nitapika chai, kwa maji ya mtungi, na atayaonja yeye.

Utauliza kwa nini sihami. Nihamie wapi, mwanangu? Baba yenu yuko hapa, babu yako yuko hapa, na yule mtoto wa Saumu yuko hapa. Mama Mwalimu yuko hapa ananionjea uji. Siku itafika nitaondoka, au nitaondolewa, lakini bado. Wewe ondoka. Ondoka bila kugeuka nyuma kunionea huruma, na ukipata nyumba huko usihesabu kwamba ni ya muda.

Lakini arubaini yako haitakupita. Ukifika mwezi wa nane wa mimba nitakuja mimi. Sijawahi kulala nje ya pwani hii, na hiyo baridi yenu nimeisikia tu watu wakiisema, ila nitavaa hizo sweta ambazo sitakuandikia habari zake. Mkanda ninao, pilipili manga nitakuja nayo. Huko kwenu maji yanatoka mlimani, Hamadi ameniambia, na kwa mara ya kwanza nilimpenda kidogo mkwe wangu huyo, maana, nisamehe, mpaka siku hiyo nilikuwa namwona mtu wa maneno mengi. Wenyeji watashangaa kumwona mama amemfuata mwana. Mwambie Hamadi awaeleze kwamba huku kwetu desturi imegeuka.

Ningeweza kukuzuia usije kwa njia nyepesi. Ningesema safari ni ndefu kwa mwenye mimba, au paa linavuja, nawe ungenikubalia. Nisingelitaja lile tonge la Saumu. Kisha ningekuja kwako, ungenipokea mlangoni, ungeniingiza jikoni na kunikabidhi sufuria zako zote, nawe hujui mkono unaokupikia umepika nini. Saumu hakujua. Sikutaka na wewe usijue.

Sasa unajua. Kaa nalo siku nyingi kama unavyotaka. Ukiona unaweza kula nilichopika, mimi nitapika, na wewe utakuwa unaonja. Ukiona moyo unakataa, niambie wazi, kwa simu au kwa maandishi. Sitakasirika na sitamwambia mtu. Nitakuja vile vile. Nitafua nepi, nitakukanda, nitambeba mtoto upate kulala. Jikoni apike mwingine.

Mamako,
Zuhura